Kifo cha Rondo Pangoni

Werugha, 6 Machi 1983

Shemeji Oduor,

Natumaini wewe na dada yangu Loise mko salama huko Voi. Huku ukungu haujaondoka wiki ya pili, lakini kifua changu hakijambo.

Nimepokea hatua yako ya mchezo wetu wa watu wa kubuni, huu tunaoucheza kwa barua. Uliandika kwamba mtu wako, Rondo, anazima mwenge wake pangoni, kisha anawapiga mishale walinzi wawili wanaoota moto hatua arobaini mbele yake. Mimi ndiye msimamizi, na kitabu cha sheria kiko kwangu. Mtu asiye na taa haoni. Mshale umepotea, walinzi wamesikia, wakamfuata na kumwua. Pole. Tengeneza mtu mwingine.

Ni mimi shemeji yako,
Zephaniah

*

Voi, 14 Machi 1983

Shemeji,

Sisi wazima. Salamu nyingine utazipata ukisharekebisha upuzi huu.

Miaka minne nimemlea Rondo kwa barua, wewe unamwua kwa mistari mitatu! Walinzi wameketi kwenye moto. Moto unawaangaza wao. Mimi nikae gizani, nisiwaone kwa sababu gani? Nimeshika taa relini miaka kumi na minne. Mwenzangu akisimama na taa yake upande wa pili wa stesheni, namwona mpaka vifungo vya koti, na mimi sina hata kiberiti. Yeye ndiye hanioni. Mchezaji mwenzetu Mulei aliposoma barua yako aliniuliza, "Huyu mwalimu wenu alifundisha sayansi au kwaya?"

Mrudishe Rondo kabla ya Pasaka. La sivyo mimi, Loise na Mulei tunatoka, ubaki ukicheza na ng'ombe.

Shemeji yako,
Oduor

*

Werugha, 19 Machi 1983

Shemeji Oduor,

Nashukuru kusikia mu wazima. Hasira si hoja, kwa hiyo nitakueleza polepole kama nilivyowaeleza watoto wa darasa la tano.

Kitabu kinasema mwenge unaangaza hatua kumi na tatu kila upande. Aliye ndani ya hatua hizo anaona. Aliye nje yumo gizani, na gizani mtu haoni. Rondo aliuzima mwenyewe. Mambo ya reli hayamo kitabuni. Mwambie Mulei nilifundisha sayansi miaka thelathini na moja, na hakuna mkaguzi aliyenikosoa.

Rondo amekufa. Nangoja jina la mtu wako mpya.

Shemeji yako,
Zephaniah

*

Werugha, 3 Julai 1983

Shemeji Oduor,

Natumaini afya zenu ni njema. Natumaini tu, maana Pasaka imepita, nimeandika barua mbili, na hata Loise hajanijibu. Ramani ya pango bado iko mezani. Sina mwingine wa kucheza naye, unajua hivyo.

Jumanne alfajiri nilitoka bila taa. Jirani yangu Danson alikuwa akikamua, na fanusi imetundikwa zizini. Nilisimama mbali, nikahesabu hatua baadaye: thelathini na nane. Niliona vidole vyake, niliona maziwa yakiingia ndooni. Nikakohoa. Akaruka, akaangalia upande wangu, akapiga kelele, "Nani huyo?" Mara tatu! Hakuniona kabisa.

Nilirudi nikasoma kitabu tena. Kinaeleza mwenge unaangaza nini. Hakisemi popote kwamba aliye gizani haoni kilichoangazwa. Hilo niliongeza mimi. Swali si kama anayetazama ana taa, bali kama anachokitazama kina mwanga.

Nimekosa. Rondo yu hai, na mshale wake nitaurushia dadu upya.

Shemeji yako,
Zephaniah

*

Voi, 11 Julai 1983

Shemeji,

Tu wazima, na Rondo pia. Nani alikuomba umfufue?

Jumamosi ya Pasaka Mulei alikaa mezani kwetu, akasema yeye ndiye msimamizi, akarusha dadu. Mlinzi wa kwanza alipigwa shingoni, wa pili alikimbia. Sasa tumetoka pangoni na tumevuka mito miwili. Barua zako zote zilifika. Tulizisoma kwa sauti, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Hatuna kitabu. Tukibishana juu ya mwanga tunafunga madirisha, tunawasha mshumaa, tunaangalia. Inachukua dakika mbili. Wewe umetumia miezi minne na jirani mzima.

Loise anasema uje. Mimi nilikataa, Mulei akakubali, nimeshindwa kura. Jumamosi tarehe 23, saa nane. Utakuwa mchezaji kama sisi. Ukianza kueleza, nitakutoa nje mwenyewe, shemeji au si shemeji.

Oduor

*

Werugha, 15 Julai 1983

Shemeji Oduor,

Salamu kwa Loise. Wewe bado nina hasira nawe kwa kusoma barua zangu mbele ya watu.

Nitakuja. Mtu wangu anaitwa Mghalu, ni mganga mzee, na amefika kando ya mto wa pili akiwatafuta. Mwambie Mulei aniandalie jibu la swali moja tu: kutoka pale aliposimama, Mghalu anaona nini?

Shemeji yako,
Zephaniah