Nani Anapigia Simu Vyumba Vitupu?

...basi, mpendwa mshauri, pale simu ilipokatika juzi kwenye kipindi chako nilikuwa bado sijafika kwenye shida yenyewe, nilikuwa namsifia mume wangu, na naomba usinichoke nikimsifia kidogo tena, maana tuna miezi minne tu ya ndoa na bado ananiita "malkia". Yeye ndiye mwangalizi wa hoteli hii ya ufukweni msimu huu ambao wageni hawaji, anapaka rangi vyumba arobaini na kuziba paa, nami nilimfuata kwa vigelegele, nikawaringia dada zangu kwamba fungate yangu haina mwisho. Mshauri, mji wote umefungwa. Viti vya ufukweni vimepigwa minyororo kama wafungwa, na mtu pekee ninayesalimiana naye ni muuza mkate, naye huja Jumanne na Ijumaa. Mume wangu hushinda juu vyumbani, akishuka ananiuliza, "Malkia, hujapachoka hapa?" nami najibu, "Nikiwa na wewe nichoke nini?"

Sasa sikia nilichofanya. Mapokezi kuna simu ya ndani. Siku moja nilipiga chumba namba tano, kitupu, ili tu nisikie kitu kikilia, nikaona raha, nikazoea, kila asubuhi napiga kimoja kimoja. Wiki iliyopita namba kumi na tisa ikapokelewa! "Nani mwenzangu?" Kumbe mume wangu yumo na brashi yake. Nikakata. Akashuka mbio, "Simu hizi zina wazimu!" na tangu hapo anazifungua moja moja kutafuta hitilafu, maskini mpenzi wangu, na hitilafu ni mimi. Mwenye hoteli naye anataka jibu Jumamosi: tubaki mwaka mzima? Mume wangu yuko tayari kukubali, kwa sababu anaamini nina furaha. Nimwambieje bila kumvunja moyo?

Malkia wa Vyumba Arobaini

*

Mwanangu, hongera, na pole. Nilianza kucheka, nikaacha. Una mume ndani ya nyumba, na wewe unazipigia simu kuta! Mumeo hana kosa. Umempa uongo mtamu akauamini, sasa anataka kuupa mwaka mzima.

Usingoje Jumamosi. Panda ngazi leo, umwambie, "Ni mimi niliyekuwa napiga." Akicheka, cheka naye. Akinuna, mwache anune, hajaoa malaika. Kisha mwambie una upweke. Neno hilohilo, usilipake sukari. Msimu huu aumalize, mwaka mzima hapana. Mchana shika brashi, mfanye kazi chumba kimoja. Na dada zako acha kuwaringia, waambie ukweli, mmoja aje akae. Vitanda si mnavyo?

Nami nina siku zangu za likizo, na sipendi ufukwe wenye watu. Nitafika hapo kabla mwezi huu haujaisha, na nikifika nataka nimkute mume anayejua.