Mama Kampaka Kaka Mafuta ya Samaki

Oya, uko wapi? Mama kaniacha hoi!

Si unajua kaka tangu afukuzwe kiwandani hacheki, haongei, analala tu kajifunika shuka usoni? Leo nesi kamwambia mama dawa zisiachwe, ila ale na samaki, mafuta yake yanaweza kusaidia ubongo.

ALE. Nesi kasema ALE!

Mama kafungua samaki wa kopo, kammiminia kaka mafuta kichwani. Anasugua kabisa!

Nikamwambia, "Mama, ni ya kula hayo!"

"Nyamaza wewe! Ubongo uko tumboni?"

KICHWANI, ndugu yangu!

Kaka katulia tuli, mafuta yanamchuruzika shingoni. Mara paka wa jirani karuka dirishani, katua begani kwake, anamlamba sikio.

Kaka kacheka. KACHEKA! Mpaka machozi.

Mama akanigeukia: "Umeona? Yameshaingia."