Vikombe vya Baba Yake Edith

Mama yangu,

Umelalaje huko Uvira? Ule mguu umepungua uvimbe, au bado unakaidi kwenda hospitali? Sisi miili ni mizima. Moyo ndio umejaa hasira, na leo sitaificha, maana hapa mtaani South End, Louisville, kila ninayemlalamikia ananiambia nimshukuru Mungu kwamba mume wangu ana kazi.

Unajua Baba Neema anaendesha lori la mizigo: Louisville, Columbus, Buffalo, kisha anageuza. Akifika nyumbani analala, akiamka anaondoka. Juzijuzi ghala moja la Shively lilimpa kazi ya mchana, ya kurudi nyumbani kila jioni, likataka jibu Jumatatu. Jumapili ya kabla yake tulikuwa tunamtoa Neema kanisani, na kwetu baba ndiye anayemweka mtoto mikononi mwa mchungaji. Aliniahidi atakuwepo. Kumbe alipofika Columbus akirudi, akapewa mzigo mwingine wa Buffalo, akaukubali. Shemasi akainua simu mbele ya madhabahu, Baba Neema akatupungia mkono kutoka Buffalo, na kanisa zima likampigia makofi. Makofi, Mama. Mimi nimesimama pale na mtoto kama mjane.

Sasa nikwambie habari za kazini. Ninamtunza kikongwe wa Kiingereza, Bibi Edith, aliyeletwa huku na mume mwanajeshi. Kila Ijumaa nasugua vikombe vya fedha vya baba yake, aliyekuwa dereva wa magari ya mashindano kabla ya vita vya Hitler. Alianza na pikipiki, akauza shamba la mkewe akanunua gari, akashinda kwao Uingereza, akavunjika mbavu Ufaransa, akarudi mashindanoni na bandeji mwilini. Magazeti yakamsifu. Mkewe alikuwa anafua nguo za watu. Vita vilipofunga viwanja vya mbio ndipo alipokaa nyumbani, na siku ya kwanza mezani akamchanganya Edith na dada yake, akamwita kwa jina la huyo dada.

Baba Neema aliporudi ile Jumatatu, nilimsimulia yote hayo akiwa anakula fufu. Nilidhani yatamgusa. Alimaliza, akanawa, akaniuliza, "Donc, basi, ile motoka ilikuwa inakimbia namna gani?"

Halafu akaniambia ghala amelikataa. "Mule ndani ni kama gereza. Mimi niko mwanaume wa barabara." Akanyoosha mikono ambebe Neema. Mtoto alilia mpaka akatapika, kanikumbatia shingo hataki kuachia. Yeye akacheka tu.

"Bon, atazoea."

Mama, tafadhali usinijibu nivumilie. Nimechoka kuambiwa hivyo na watu ambao waume zao wanalala nyumbani.

Nisalimie Mama Mkubwa, na kaka yangu mwalimu, umwambie picha za wanafunzi wake nimezipata. Mama mkwe naye msalimie. Mwambie mwanawe yuko salama na kanisa zima linampenda.

Jana nilimwuliza Bibi Edith alimzoea baba yake lini. Ana miaka tisini na kitu sasa. Alikitazama kikombe nilichokuwa nakisugua, akanijibu neno moja: bado.

Mimi binti yako,
Furaha