Ndama wa Rebeka

Juru, Nakivale. Jumapili, jioni.

Upepo umevuma tangu asubuhi na vumbi limeingia kila mahali, mpaka kwenye chai. Leo nimesema mbele ya watu. Mimi, ambaye mwalimu akiniuliza jina langu darasani naangalia chini kwanza, kama vile limeandikwa kwenye viatu.

Naandika kwa simu ya Mama, nimekaa nyuma ya jiko ambako mtandao unashika. Blogu hii ina wasomaji watatu, na mmoja wao ni mimi, kwa hiyo naweza kusema ukweli.

Nimekaidi amri ya Baba.

Na sijutii.

Ngoja nianze panapostahili. Koko, mama mzazi wa Baba, ana ng'ombe. Ukija kwetu hutamwona hata mmoja. Utaona nyumba ya udongo, shamba la maharage na kuku wa jirani wanaokuja kutuibia. Ng'ombe wa Koko walibaki milimani, Kivu Kusini, siku watu walipokimbia, wakati Baba alikuwa bado mvulana wa kuchunga. Kundi lote lilichukuliwa. Lakini Koko husema ng'ombe mmoja, Gaju, hakuchukuliwa. Gaju alikuwa na mimba, akaingia kwenye mianzi, ukungu ukamfunika, na hakuna mtu aliyemwona akiswagwa na wale wengine. Basi kwa Koko, Gaju alizaa hukohuko. Na aliyezaliwa naye akazaa.

Kwetu bibi humpa mjukuu ndama siku mtoto anapotolewa nje mara ya kwanza. Anachovya kidole kwenye maziwa, anamgusa mtoto kwenye paji la uso, kisha anamtaja ndama, na mama yake, na mama wa mama yake, mpaka amfikie Bihogo, ng'ombe ambaye Koko alipewa na mama mkwe wake alipoolewa. Na hakuna ng'ombe anayetajwa mkavu. Ukimtaja Bihogo lazima useme ile njaa ambayo maziwa yake yalilisha mpaka nyumba za majirani. Ukimtaja Gaju lazima useme kwamba alizaliwa mwaka mmoja na Baba, na kwamba alikuwa akimlamba Baba kichwani kila jioni. Kipara cha Baba, husema Koko, ni kazi ya Gaju.

Hatuna picha za zamani, na makaburi yetu yako mbali, hatuwezi kwenda kuyapalilia. Habari zote za ukoo nilizijua kupitia ng'ombe: nani alimwoa nani, nani waligombana, na fahali gani mkorofi aliwafanya wapatane kwa sababu walilazimika kumkimbiza pamoja.

Mimi nilizaliwa hapa Nakivale, ukimbizini, nikapewa Kirezi, mtoto wa Gaju. Eliya, mdogo wangu, alipewa mtoto wa kwanza wa Kirezi. Hakuna aliyetuambia kwamba ni mchezo, kwa sababu si mchezo.

Tatizo lilianza nikiwa shuleni Mbarara. Watu walipita kijijini kuandika hali ya kila kaya, ili ijulikane nani ataendelea kupata mgao wa chakula na nani anaweza kujitegemea. Mama alikuwa zahanati, tumbo limeshakuwa kubwa. Baba alikuwa sokoni Rwekubo akipakia magunia. Koko alikuwa ndani na homa yake. Ilifaa wamsubiri mtu mzima, lakini jua lilikuwa kali na kaya zilikuwa nyingi, na mlangoni alisimama Eliya, mtoto mwenye adabu kupita kiasi.

Wakamwuliza kama tuna mifugo.

Eliya akasema ndiyo.

Ng'ombe?

Akasema ndiyo, akaanza kuwataja kwa majina na kwa rangi, na nani mama wa nani, sawasawa na alivyofundishwa. Jirani yetu aliyesikia anasema mwandishi alimwomba apunguze mwendo. Simlaumu. Mtoto anayedanganya husema "wengi". Hasemi kwamba Kirezi ana doa jeupe chini ya jicho la kushoto na hapendi kukamuliwa na mtu anayepiga mluzi.

Tukatolewa kwenye mgao.

Baba amekwenda kulalamika, akaambiwa asubiri, watakuja kuangalia. Hawajaja. Sasa tunakula mara moja kwa siku, na maharage ya mbegu yameanza kuingia kwenye sufuria, jambo ambalo Mama hakuwahi kulikubali hata mwaka wa ukame. Sisemi haya ili tuonewe huruma. Nayasema ili ieleweke kwamba Baba si mtu mbaya.

Nilipofika likizo nilikuta nyumba imenyamaza. Eliya ndiye aliyenisimulia, akilia, jinsi Baba alivyokuja juu jioni ile ya kutolewa kwenye mgao.

"Mama, basi sasa. Hizi hadisi zimetufikisha fasi mubaya. Batoto bakule Gaju?"

"Mutoto hakusema uongo," Koko akajibu.

"Ng'ombe iko wapi? Unionyeshe hata mukia."

"Weye mwenyewe ulikuwa unazichunga."

"Nilikuwa nazichunga. Sasa haziko. Sitaki kusikia tena jina ya ng'ombe mu hii nyumba."

Koko akanyamaza. Alinyamaza kweli. Alibaki na maneno ya sala na ya kuomba maji. Juzi nilikaa karibu naye nikichambua maharage, nikamwuliza kwa sauti ya chini pembe za Gaju zilikuwa za namna gani, kwa sababu hilo sikuwahi kulijua.

"Uliza baba yako," akasema.

Nikiri jambo hapa. Siku moja nzima nilimkasirikia Eliya, na siku iliyofuata nilimkasirikia Koko. Nilisema moyoni, laiti angetusimulia sungura na fisi kama bibi wengine. Hakuna anayekupunguzia chakula kwa sababu ya sungura.

Lakini chini ya hasira hiyo kulikuwa na aibu ya zamani, iliyotoka Mbarara. Mbarara ni mji wa maziwa. Wasichana wengi wa bweni letu wanatoka kwenye nyumba zenye ng'ombe wenye mkia. Patience anatoka Bwizibwera, na baba yake hupeleka maziwa kwenye kituo cha kukusanyia kila asubuhi. Mwaka jana nilimtajia Kirezi, kwa kuwa nilidhani tumeshakuwa marafiki. Kabla ya chakula cha jioni bweni zima lilikuwa linajua.

"Dorkasi, leo umekamua?"

"Na hayo maziwa yenu mnakunywa kwa kijiko gani?"

Nikahamia maktaba na kukaa huko muhula mzima. Kumtaja Kirezi hakukuwa kosa. Kunyamaza ndiko kulikokuwa kosa.

Nimeyafikiria sana haya kati ya yale makabati ya vitabu. Vitabu vyetu vya historia vimejaa wafalme ambao mwalimu hajawahi kutuonyesha hata ukucha wao, na tunapewa alama kwa kuwajua. Patience mwenyewe anataja majina ya ng'ombe wa babu yake, ng'ombe waliokufa kabla yeye hajazaliwa, na hakuna anayemwambia awalete bwenini tuwahesabu. Kwa nini sisi tu ndio tuonyeshe mkia?

Mwenye kalamu aliuliza mna nini. Aliuliza kwa haki, ndiyo kazi yake. Eliya alijibu swali jingine, la ninyi ni nani, na hilo hakuna aliyewahi kuja mlangoni kwetu kuliuliza.

Sasa, leo.

Mama alijifungua wiki iliyopita, mtoto wa kike, na leo baada ya ibada tulimtoa nje. Watoto wa majirani walikaa kwenye mkeka wakala maharage, na kila mmoja akampa mtoto jina, kama ilivyo desturi. Mmoja alisema Simba. Mwingine, ambaye bado alikuwa na njaa, alisema Chapati. Watu walicheka, hata Baba. Kisha Baba akatangaza kwamba jina lake ni Rebeka, mzee wa kanisa akaomba, tukaitikia amina.

Hapo ndipo huwa zamu ya Koko.

Watu wakamtazama Koko. Koko akatazama mikono yake. Mama akamtazama Baba. Baba akatazama shamba. Mzee wa kanisa akakohoa, akaanza kutafuta kofia yake. Nikaona jinsi mambo yanavyokufa. Hakuna anayeyaua. Watu wanatafuta kofia zao tu.

Nilikuwa na chupa ya maziwa niliyomletea Koko kutoka Rwekubo, ya chai yake. Nikaiinua. Nikamimina kidogo kwenye kifuniko, mengine yakamwagika kwenye sketi yangu ya kanisani. Nikapiga magoti mbele ya Mama na kumgusa Rebeka kwenye paji la uso. Akakunja uso kama mtu aliyedaiwa.

"Rebeka," nikasema, na sauti ikatoka nyembamba kama ya panya.

"Dorkasi." Ni Baba. Alilitamka jina langu polepole, na hivyo ndivyo anavyolitamka akiwa amekasirika kweli.

"Unisamehe, Baba. Namaliza kwanza."

Sidhani kama kuna mtu aliyeshangaa kuliko mimi.

Nilitaka kusema mtoto wa Kirezi. Nilikuwa na hakika na Kirezi kuliko ninavyokuwa na hakika na mistari ya Zaburi. Lakini hofu ina ulimi wake, na ilinitolea Sine, dada yake Gaju, ambaye Koko humtaja kwa nadra.

"Ndama wako ni Mahoro, mtoto wa Sine. Sine ni mtoto wa Bihogo. Na Bihogo ndiye..."

"Sine haikuzaaka."

Nikageuka. Baba alikuwa bado ametazama shamba.

"Sine ilikuwa tasa," akasema, kwa ukali wa mtu aliyekanyagwa mguu. "Miye mwenyewe nilikuwa naichunga. Ilikuwa nene, mvivu, haikuzaaka hata siku moja. Huwezi kumupa mutoto ndama ya Sine. Utamupa nini, mavi?"

Watu walicheka mpaka Rebeka akaanza kulia. Mzee wa kanisa, ambaye kofia alikuwa ameshaipata, akaiweka tena chini.

Koko aliinua kichwa. "Basi umupe weye," akamwambia mwanawe, "weye mwenye kujua."

Mkono wa Baba ulipanda wenyewe kichwani, ukakaa pale kwenye kipara, pale pa Gaju, na nadhani hakujua kwamba umepanda.

"Ya Kirezi," akasema mwishowe. "Mumupe ile ya pili ya Kirezi."

Akachukua jembe, akaenda zake shambani. Jumapili! Na shambani hakuna cha kulima, kiangazi kimekausha kila kitu.

Koko alianza hapohapo. Alianza na Bihogo akashuka naye mlima mzima, akaenda nyuma na mbele, akamkuta fahali mkorofi, akanikemea mbele ya watu kwa kumpa Sine uzazi ambao Mungu hakumpa. Sauti ilikuwa imekwaruzika kwa kukaa bila kazi. Hakuna aliyeondoka. Na pembe za Gaju, sasa najua, zilipinda kwa ndani, moja ikiitazama nyingine kama wake wenza.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na sasa giza linaanza kuingia. Baba amerudi, amenawa miguu, hajasema nami neno. Huenda kesho atasema mengi. Mgao haujarudi, na ndama wa Rebeka hajaongeza hata tone kwenye chai ya leo. Nayajua yote hayo. Baba akitaka niombe radhi kwa kumkatiza mbele ya wageni, nitaomba, kwa magoti. Akitaka niombe radhi kwa ajili ya Kirezi, atasubiri.

Kabla sijaja kukaa hapa nyuma ya jiko nilimwita Eliya. Nilimwambia mtu mwenye kalamu akija tena, amwambie hatuna mfugo wowote, maana hiyo nayo ni kweli, na amwombe amsubiri mtu mzima.

"Na akiniuliza Kirezi?"

"Hatakuuliza Kirezi. Siku moja mtoto wa Rebeka ndiye atakayekuuliza. Huyo mtajie wote, usimruke hata mmoja."

"Hata ile tasa?"

"Hasa hiyo tasa."

Akaenda zake akiwataja kwa sauti, kwa nguvu, mpaka jirani akachungulia. Baba alikuwa amekaa pale mlangoni. Hakumnyamazisha.

Wiki ijayo shule zinafunguliwa. Patience akiniuliza kama nimekamua, sitakwenda maktaba. Nitaketi hapohapo kitandani, nitamwambia kwamba Kirezi amezaa tena, na mtoto ni jike. Akicheka, nitamngoja amalize kucheka. Kisha nitaanza na Bihogo.