Nishani ya Boti ya Mjerumani

Jumanne, 1 Machi 1955

Birika tatu za hoteli, zote zimetoboka pale pale. Nimewaambia mara ngapi wasizibandike motoni bila maji. Kufuli moja. Miwani ya karani wa stesheni, mguu umevunjika. Harjibhai, mwenye karakana, kanuna kutwa kwa sababu mkaa umeisha, kana kwamba nimeula mimi.

Jioni akaingia Mjerumani anayefunga mashine mpya kwenye kiwanda cha nanasi. Mrefu, mpole, Kiswahili cha kuokoteza. Akafungua leso. Ndani nishani ya vita. Duara ya majani, juu ndege ameshika ule msalaba wao uliopindwa, katikati boti inapasua mawimbi. Mke wake anakuja Thika kutoka kwao na hataki kuuona msalaba huo nyumbani. Tuukwangue huo tu, mengine yabaki.

Harjibhai alikubali kabla sijasema neno. Niliishika nishani. Boti ile naijua. Nikaiweka chini.

Jumatano, 2 Machi

Nimeota maji tena, baada ya miaka. Maji yenye mafuta mazito ya meli. Ukimeza kidogo koo linafunga.

Bandari ya Tobruku, kule kaskazini jangwani, ilipokuwa inaanguka kwa Wajerumani tulipakiwa kwenye meli ndogo ya mizigo, mimi na mdogo wangu Kariuki. Mapayonia wa Afrika Mashariki, kazi yetu kubeba makasha. Hatukufika mbali. Boti za kasi za Wajerumani zilitujia gizani, ngurumo kwanza, kisha pua. Pua hiyo hiyo iliyo kwenye nishani. Imechongwa vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

Meli ilipozama boti moja ilisimama, ikawasha taa, ikaanza kuokota watu. Nilimsikia Kariuki akiogelea kuelekea kwenye taa. Mimi nilikuwa nimeng'ang'ania ubao upande wa pili. Kulipokucha Waingereza waliniokota. Kariuki hawakumpata. Jeshi liliandika kwamba hajulikani alipo, likaishia hapo.

Nishani yangu ya vita iko kwenye kopo la vifungo. Yake haikuletwa.

Jumapili, 6 Machi

Nimepata ruhusa ya kwenda Ruiru kumwona mama. Kijiji kipya walichohamishiwa sikipendi. Nyumba zimebanana, handaki limezunguka, homugadi, mlinzi wa Serikali, langoni. Mama amezeeka lakini ulimi haujazeeka. Alinilaki kwa kusema nimekonda kwa kula chakula cha Wahindi.

Kisha nikaona kilichoniharibia siku. Mama anamwekea Kariuki sahani ya irio, viazi na mahindi ya kupondwa, kila jioni. Anaifunika kwa jani la mgomba na kuiacha nje ya mlango. Anafanya hivyo tangu niliporudi vitani na kumwambia nilichosikia majini. Kule shambani kwetu hakuna aliyejali. Hapa kijijini, wakati huu, chakula kilichoachwa nje ya mlango ni cha watu wa msituni wanaopigana na Serikali. Asubuhi sahani huwa tupu. Ni mbwa, bila shaka. Nani atakubali kwamba ni mbwa?

Hedimani, mkuu wa kijiji, alinivuta kando. Kifuani ana medali mpya ya uhodari kutoka kwa Serikali, na anaigusa kila akisema neno. Si mtu mbaya. Amempa mama mpaka Jumapili ijayo. Sahani ikionekana baada ya hapo, mama atapelekwa kambini kuchujwa, ahojiwe mpaka akiri. Wamepelekwa wengine wa umri wake. Si wote waliorudi.

Nilimwambia mama Kariuki amekufa. Akaniuliza, "Nani alimwona akifa?" Sina wa kumtaja. Kwake, ambaye hakuna aliyemwona akifa yuko njiani bado, na aliye njiani huwekewa chakula. Nilimgombeza mpaka nikaona aibu. Alinisikiliza, kisha akaenda kuponda irio.

Jumatatu, 7 Machi

Nimeifunga nishani kwenye jiliwa, na kipande cha ngozi kila upande isikwaruzwe. Tupa mkononi. Sikuweza. Nilichotaka kukwangua si msalaba, ni ile boti. Nikaifungua nikarudi kwenye birika.

Namchukia yule Mjerumani. Angekuwa na ufidhuli ingekuwa rahisi.

Jumanne, 8 Machi

Nimemaliza. Kazi ni kazi, na Harjibhai alikuwa amesimama nyuma yangu.

Msalaba umetoka wote. Ndege sasa ameshika hewa. Lakini pale tupa ilipopita pamebaki peupe, panang'aa kuliko kwingine kote. Harjibhai akasema nipake masizi na mafuta. Nimepaka. Ukiinamisha kidogo kwenye mwanga bado panaonekana.

Jumatano, 9 Machi

Mjerumani alikuja Harjibhai akiwa ameenda kula. Nashukuru Mungu kwa hilo, ama sijui kama nashukuru.

Nilimwuliza nishani hii hupewa nani. Akasema mabaharia wa boti zile, kwa kwenda kushambulia mara nyingi, au kwa usiku mmoja uliofanikiwa sana. Yake ni ya usiku mmoja. Nahodha wao alivishwa nishani ya msalaba shingoni, wao wakapangwa mstari wakabandikwa hizi, bendi ikapiga. Nikauliza ni usiku gani. Akasema Tobruku, siku ilipoanguka.

Nikamwambia nilikuwa majini. Nikamtaja Kariuki. Alivua kofia na hakuuliza kama nasema kweli. Akaeleza kwamba boti zilikuwa kadhaa na meli zilizozama zilikuwa nyingi, hawezi kuapa. Boti yake iliokota watu. Wazungu. Wetu hawakuokotwa. Kulikuwa kunakaribia kucha na nahodha aliamuru waondoke.

Nikafikiri amemaliza. Akasema kuna neno amelibeba miaka yote hii. Mtu mmoja alikuwa akiliita majini, na yeye hajapata wa kumwuliza.

"Maitu," akasema. "Ni nini, maitu?"

Nikamwambia maana yake ni mama yangu, kwa Kikuyu. Tulikuwa Wakikuyu wengi kwenye meli ile, yeyote angeweza kuita hivyo. Najiambia hivyo tangu mchana.

Nikamwomba aje Ruiru Jumapili amwambie mama alichokiona. Nikamweleza sahani, hedimani, kambi. Akakataa. Alisema hawezi kukaa mbele ya mwanamke huyo. Akaifunga nishani kwenye leso bila kuitazama, akaondoka.

Alhamisi, 10 Machi

Hakuja. Nimelehemu sufuria vibaya, imevuja mbele ya mwenyewe.

Nimefikiria kumtoroshea mama kwangu Kamenu, hapa Thika. Bila pasi ya kusafiri asingefika hata nusu ya njia.

Jumamosi, 12 Machi

Amekuja, na mkewe. Mwanamke mdogo mwenye macho mekundu. Alibaki mlangoni. Nadhani mumewe amemwambia kila kitu, au karibu kila kitu. Mjerumani akasema kesho atanipitia na gari.

Nilidhani ningefurahi. Nina hofu. Nimemwitia mama shahidi na sijui shahidi atasema nini.

Jumapili, 13 Machi

Langoni hawakumwuliza chochote. Ngozi yake ni pasi tosha. Hedimani alitufuata mpaka kwa mama, akaketi kizingitini, medali kifuani.

Mama alimpa mgeni kigoda, yeye mwenyewe akabaki amesimama. Mjerumani akawa anasema kwa Kiswahili na mimi namtafsiria mama kwa Kikuyu. Mama alitaka kujua alikuwa karibu kiasi gani. Karibu sana, akasema. Yule mtu alikuwa ameshika kamba ubavuni mwa boti. Sura hakuiona, taa haikufika chini pale. Aliona mikono. Mama akasema nimwulize mikono hiyo ilifanyaje.

Mjerumani akanitazama mimi, si mama.

"Nahodha aliniamuru," akasema. "Nilifungua vidole vyake kwenye kamba. Kimoja, kimoja. Yeye alikuwa anaita lile neno."

Hili hakuniambia Jumatano. Nilitaka kumkaba pale pale kwenye kigoda cha mama. Hedimani anajua Kiswahili. Aligeuza uso akatazama nje. Mama alikuwa ananisubiri, ameshika kitasa cha mlango, mdogo hivi. Kama ningetamka maneno yale yalivyo, yangeingia na yasingetoka mpaka aende kaburini.

Nikasema, "Maitu, anasema alimshika mkono mpaka mwisho. Kariuki alikuwa anakuita wewe."

Mama akaketi. Kisha akainuka, akamwendea Mjerumani, akaichukua mikono yake yote miwili na kuigeuza, viganja, migongo, vidole. Alivipapasa vidole vile mpaka nikashindwa kutazama. Mjerumani aliniuliza nimemwambia nini. Nadhani alielewa bila kuambiwa, kwa sababu alijaribu kuivuta mikono na mama hakuiachia.

Akamletea irio iliyokuwa ya jioni. Ile ya Kariuki. Mjerumani alikula yote huku analia, bila kupangusa. Mama alinieleza kwamba mgeni huyu ana moyo mzuri, bado anamlilia mtu ambaye hakumjua.

Tukiondoka hedimani alisema kwa upande wake mambo yamekwisha. Mkono wake haukugusa medali. Hakunitazama, na mimi sikumtazama.

Jumatatu, 14 Machi

Nimemwokoa mama na kambi. Hilo najua. Lakini nimemnyima mama haki ya kumchukia mtu, na chuki yote imebaki kwangu. Leo nimekosa pa kuiweka. Nimevunja mpini wa nyundo.

Mjerumani namwona akipita barabarani na mkewe. Ananipungia. Siwezi kumpungia na siwezi kuacha kumtazama.

Jumapili, 20 Machi

Ruiru. Jirani aliniambia wiki nzima hajaona sahani mlangoni.

Mama aliniomba nimnyoe. Ndivyo ifanywavyo kwetu mtu akifiwa, ingawa mchungaji hapendi sana. Nilikuja na wembe mpya. Aliketi chini, mgongo kwenye magoti yangu, juani, majirani wakipita na maji. Nywele zake ni chache kuliko nilivyodhani. Hakulia.

Nilipofika katikati aliniuliza kama maji ya kule yalikuwa baridi.

Nikamwambia hapana, yalikuwa na joto.

Akasema ni vizuri, Kariuki tangu utotoni hakuipenda baridi. Akainamisha kichwa upande wa pili, nikaendelea.