Cherehani ya Mama Mbele ya Hakimu

Nimetoka mahakamani sasa hivi. Usicheke.

Nimeomba kubadilisha madai. Sitaki tena shemeji anilipe fidia ya cherehani ya marehemu mama. Nataka azuiwe kuiuza, airudishe yenyewe.

Hakimu akauliza, "Ina nini ambacho mpya haina?"

Wiki nzima nimejisomea sheria, yote yakayeyuka. Nikajibu, "Mheshimiwa, inaruka mshono."

Inaruka mshono. Ndivyo nilivyosema, mbele ya watu.

Shemeji akadakia, "Mbovu kabisa hiyo."

"Mbona basi unaing'ang'ania?" Hakimu akamtazama.

Ombi limekubaliwa. Haiuzwi mpaka kesi isikilizwe, ila nilete shahidi kwamba ilikuwa ya mama.

Nimekutaja wewe. Njoo na ile suruali aliyokushonea kwa cherehani hiyo, iliyokufumukia ubaoni darasa la tano.