Radhi Tuliyoitoa Gerejini

Bondeni,
Mombasa.
Jumamosi, 14 Juni 2025.

Mpendwa ndugu yangu Hussam, mwana wa ami,

Assalaam alaykum wa rahmatullah. Nakuamkia kwa heri, wewe na mkeo Hanin na watoto, ambao mpaka leo nazijua sura zao kwa simu tu. Hali zenu? Na Idd mliilaje huko Leicester? Sisi tulichinja mbuzi mmoja na majirani, na mamangu akayamaliza maini peke yake, akisema daktari hamwoni. Miguu ingali inamvimba, lakini ulimi wake mzima, alhamdulillahi.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwa simu ningekugombeza, nawe hujanikosea.

Ulinieleza kuwa mabasi ya huko yamehamia kampuni nyingine, na wewe umebadilisha koti tu. Miaka yako ya kazi, likizo yako, zamu yako, vyote vimekufuata. Ukalisema hilo hivihivi, kama mtu asemaye mvua imenyesha. Hussam, nilikuonea wivu hadi chai ikanipolea mkononi. Nani aliyekufundisha kupitisha basi Marikiti, mikokoteni kulia na kushoto, bila kugusa chungwa la mtu? Leo mwanafunzi ana miaka yake yote, na mwalimu ameambiwa hana hata mmoja.

Ngoja nikueleze. Huku nako mabasi ya mji yamepewa kampuni nyingine. Magari ni yaleyale, njia ni zilezile, na madereva ni sisi. Siku ya mwisho ya kampuni ya zamani tuliandaa kahawa, halwa na mahamri pale gerejini. Bosi akasimama akatutaka radhi, kama watu wanavyotakana radhi wakiachana. Wenzangu wakanisukuma mbele, kwa kuwa mimi ndiye mkongwe wao. Nikasema yale tunayosema sote: tuko radhi, lolote tulilokoseana tumesameheana, duniani na akhera. Wakaitika amin, na wengine wakalia. Karani wa kampuni alikuwa akirekodi kwa simu, nami nikautengeneza mtandio ili nitoke vizuri.

Afisa wa kazi wa serikali alipouliza miaka yetu inahamia vipi, kampuni ya zamani ikamwonyesha hiyo video. Ikasema wafanyakazi wametusamehe kila kitu kwa midomo yao wenyewe, hatuna la kuwahamishia. Kampuni mpya nayo haikubisha, kwani maneno hayo yaliifaa. Ikatuandika sote kuwa ni wapya wa kazi, isipokuwa Kyalo.

Kyalo unamkumbuka, yule wa Machakos aliyeanza kama kondakta wangu, nikamfundisha usukani baada yako. Siku ya kahawa alikuwa kwao mazikoni, kwa hivyo hakumsamehe mtu. Miaka yake imehama mizima. Na wajua kwetu mwenye miaka mingi ndiye achaguaye zamu kwanza. Ameichukua asubuhi, zamu yangu mimi, iliyokuwa ikinirudisha nyumbani adhuhuri nimkande mama miguu. Mimi nimepewa jioni, niwapeleke watu ufukweni Mama Ngina wakale mihogo na kupunga upepo. Siku hizi anayemkanda mama ni Aida, binti wa jirani, na mama anamsifu kuwa ana mkono mwepesi kuliko wangu. Hata huyo msichana namwonea wivu.

Kibaya zaidi, Kyalo ni mwungwana. Alikuja hadi mlangoni akaniambia, "Dada Duha, mimi sikuomba hivi. Ukitaka shahidi, nitakuja." Ningependa awe na kiburi kidogo, nimchukie kwa raha.

Afisa wa kazi ametuita Jumatatu. Anasema maneno ya kuagana hayawezi kufuta haki ya mtu hivihivi, lakini anataka aliyeyasema aeleze mbele ya kampuni zote mbili alikusudia nini. Aliyeyasema ni mimi. Nikiteleza hapo, wenzangu wote wataanza moja pamoja nami, na kuna waliobakisha kidogo tu wastaafu. Hawanilaumu kwa kinywa, lakini nikiingia gerejini mazungumzo hukatika.

Mama hataki niende. Aliniambia, "Radhi ikishatolewa haitwaliwi tena, mwanangu. Wataka kulamba ulichokitema?" Wajua tulivyolelewa, Hussam. Siku hiyo nililala bila kula. Siwezi kusimama mbele za watu nikadai kuwa nilikuwa nikitania, kwa sababu sikutania. Nilisamehe kwa moyo mmoja.

Lakini nimefikiri, na nitakwenda. Nitawaambia hivi: matusi yenu niliyasamehe, na sitayataja. Zamu mlizotulazimisha, na yale mabasi mliyotukabidhi breki zikiwa mbovu, nilisamehe, na sitarudi nyuma. Ila kuwaendeshea basi miaka kumi na minane halikuwa kosa, lenu wala langu. Radhi husamehe makosa, na hapo hapakuwa na kosa.

Nilimsomea mama maneno hayo jana. Akaniuliza Jumatatu nitavaa buibui gani.

Basi nisalimie Hanin sana, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Babako, ami Taha, hajambo, anakutaka umpigie simu baada ya sala ya Ijumaa wala si kabla. Mama anakuombea, na Aida naye kasema nimtaje. Mungu akuhifadhi barabarani, akuzidishie, na miaka yako isipotee hata siku moja.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, wivu na yote,

Duha